Mkono wa Bwana Harusi Uliogoma Kuachia

Kabla hamjaniuliza: hapana, sikuwa daktari. Nilikuwa mtu wa fiziotherapia, na kwa lugha ya wagonjwa wangu hapa Nachingwea nilikuwa "yule mama wa kunyonga miguu". Mtu akivunjika mfupa, daktari anamfunga plasta, anashukuriwa, anapelekewa kuku. Plasta ikifunguliwa, goti limekakamaa kama mlango wa stoo, mgonjwa analetwa kwangu. Mimi nalikunja, yeye anapiga kelele, na kuku simwoni. Kwa hiyo nyie vijana mnaotaka kuingia kazi hii ili mpendwe, rudini nyumbani mkapulizie mikorosho dawa. Mikorosho angalau haipigi kelele.

Kazi nilifundishwa na Mzee Likwata, mwanamume mfupi mwenye masharubu makubwa na dharau kwa kila kifaa chenye waya. Siku nilipofika, chumba chetu kilikuwa na kitanda kimoja, mipira ya kukamata na baiskeli ya mazoezi yenye pedeli moja. Nikamuuliza pedeli nyingine iko wapi. Akasema, "Wagonjwa wetu wengi mguu mzima ni mmoja, itawatosha." Huyo ndiye mwalimu wangu. Lakini alinifundisha jambo moja ambalo mpaka leo nalitumia hata sokoni: mgonjwa mtazame akiwa bado anakuja. Mtazame anavyopanda ngazi, anavyovua viatu, anavyoinuka kwenye benchi. Akishaketi mbele yako ameanza kusimulia, na watu wengi husimulia vibaya.

Leo nataka kuwaeleza magonjwa ya misuli ya kurithi. Najua mmeshaanza kupiga miayo. Nitawaeleza kwa njia ya harusi, maana ndiko nilikoyakuta yamekaa kwenye jamvi.

Zuhura ni mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki Zuhura akiwa bado shuleni, nami nikapandishwa cheo cha mama bila kufanyiwa usaili. Baba yake, shemeji yangu Bakari, analima korosho na ufuta kule Chiola. Ni mtu mwema, ila ana tatizo la kujua kila kitu. Posa ilipokuja kutoka Ruangwa, aliikagua kama anayenunua pikipiki iliyotumika. Mwoaji aliitwa Issa, mchimbaji mdogo wa dhahabu kule Namungo na golikipa wa timu ya machimboni kwao. Kijana mpole, mabega kama kabati la nguo. Shemeji aliyapenda hayo mabega kuliko maneno yote ya washenga.

"Huyu gunia la korosho atalibeba bila kuita mtu," aliniambia.

Nikamwambia tunamtafutia Zuhura mume, hatutafuti kuli. Akasema havipishani sana.

Siku ya akdi turubai lilifungwa uani kwa shemeji, wanaume wakakaa kwenye majamvi, sisi wanawake tukajazana madirishani kama kawaida. Sheikh alikuwa mtu wa maneno mengi. Alihutubia juu ya ndoa, akahutubia juu ya simu, akahutubia juu ya vijana wanaonyoa viduku. Muda wote huo Issa ameketi amekunja miguu, hajasogea hata kidole, kwa heshima. Likumbukeni hilo, lina maana ya kitabibu.

Hatimaye sheikh akawaambia shemeji na Issa wasogeleane, wapeane mikono ya kulia, akdi ifungwe. Issa akaukamata mkono wa shemeji. Kijana alikuwa na hofu, akaukamata kwa nguvu zake zote. Shemeji akavuta pumzi aseme maneno ya kuozesha, na hapo kipaza sauti kikapiga yowe likawaamsha watoto wote waliolala.

"Achianeni kwanza," sheikh akasema, "turekebishe hiki kitu."

Shemeji akalegeza mkono. Issa hakulegeza. Shemeji akavuta kidogo, kwa tabasamu. Mkono haukutoka. Akavuta tena, tabasamu likapungua.

"Kijana, niachie."

"Naachia, baba," Issa akajibu.

"Mbona huachii?"

"Ndiyo naachia hivi."

Kutoka dirishani niliona vidole vyake vikijaribu kufunguka, polepole, kimoja kimoja, kama vya mtu anayejinasua kwenye gundi. Shemeji hakuviona vidole. Aliona kijana anashindana naye nguvu mbele ya wazee wa Chiola. Akasimama kwa hasira na kuvuta kwa mwili mzima. Issa naye, ili asimvunjie mkwewe heshima, akataka kusimama haraka. Miguu ikakataa. Ilinyooka na kukaza papo hapo, na bwana harusi akaanguka wima kama mnazi uliokatwa, juu ya sinia la kashata, shemeji akiwa bado ameshikwa mkono. Shemeji akatua juu yake.

Nimefanya kazi hospitalini miaka mingi, nimeona ajali za kila namna. Sijawahi kuona ya mtu na mkwewe.

Mwisho vidole viliachia, shemeji akanyanyuliwa na kukung'utwa kashata. Kila mtu akawa na utaalamu wake. Mmoja alisema ni kifafa. Mwingine akasema pepopunda, aliwahi kusikia inakaza mwili. Lakini neno lililokimbia kuliko yote ni kwamba wachimbaji wana mazindiko yao, na huyu ameipa dhahabu mwili wake, sasa dhahabu imekuja kuuchukua mbele ya mashahidi. Hilo ndilo shemeji alilolishika.

"Ndoa hakuna," akasema. "Simpi binti yangu mtu wa zindiko."

Nilitoka na kwenda kupiga magoti pale jamvini. Issa alikuwa amelala chali, macho wazi, jasho linamtoka.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mama. Miguu imegoma. Nipe muda kidogo, itakubali."

Sasa nyie mnaosoma, hebu fikirini. Mtu wa kifafa akiwa kwenye kifafa hakuombi muda kwa adabu. Mtu wa pepopunda halegei baada ya dakika chache na kuomba radhi kwa kuharibu kashata. Issa alikunja goti la kwanza kwa shida, la pili kwa shida kidogo, halafu akainuka, akatembea kama anayekanyaga tope. Akalizunguka turubai, akarudi anatembea kama mimi na wewe. Ndiyo ikawa mbaya zaidi. Watu wakasema, mnaona, alikuwa anajifanya.

Mama yake, Bi Somoe, alikuwa upande wetu. Wote walipoinuka kukimbilia uani, yeye alibaki ameketi. Aliinuka baadaye sana, taratibu, ameshika fremu ya mlango. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba mwanamke yule ana maringo, mwanawe kaanguka na yeye hanyanyuki. Mimi nilimtazama anavyoinuka. Nikatazama na hatua zake za mwanzo. Nikaliweka akilini.

Kilichonishika roho ni miguu ya Issa. Nilipokuwa nimepiga magoti niliziona nyama za nyuma ya miguu yake, chini ya goti. Nene, ngumu, zimejichora. Na mimi nyama za namna hiyo niliwahi kuziona mahali pengine, na sikupenda.

Miaka ya nyuma yake, baba mmoja kutoka Mkotokuyana alimleta mwanawe mdogo chumbani kwangu. Kisa cha kumleta ni kwamba mtoto anaanguka sana, lakini mzee mwenyewe alikuwa na fahari. "Tazama miguu hii," alisema, akamgeuza mtoto niione vizuri. "Huyu beki." Mzee Likwata hakuitazama miguu. Alimkalisha mtoto sakafuni, akamwambia ainuke aje achukue pipi. Mtoto alijigeuza, akashika chini kwa mikono, akainua makalio, akaweka mkono kwenye goti, kisha kwenye paja, akaupanda mwili wake mwenyewe kama anayepanda mti. Aliichukua pipi anacheka. Mzee Likwata akageukia dirishani, akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Ule ni ugonjwa wa misuli kufa kidogo kidogo. Unawapata zaidi wavulana, na mara nyingi mama ndiye aliyebeba mbegu yake bila kuugua wala kujua, kwa hiyo msiwe wa kwanza kumlaumu. Mtoto anachelewa kutembea, anatembea kama bata, anasimama kwa kuvimbisha tumbo mbele, na ile minofu ya miguu ni minene lakini nguvu haimo, imejaa mafuta na makovu. Baadaye anahitaji kiti cha magurudumu, na baadaye zaidi unafuata moyo na pumzi. Tulimsaidia yule mtoto kwa tulichokuwa nacho: kunyoosha viungo visikaze, kumtengenezea kiti, kumzuia asichoshwe na mazoezi ya nguvu, kumpeleka kwa daktari wa moyo. Aliishi akacheka sana kuliko sisi wote, lakini hakufika umri wa Issa. Mnielewe basi kwa nini miguu minene ilinikosesha kula pilau.

Siku iliyofuata nilimwambia shemeji asirudishe chochote kwa akina Issa kabla kijana hajapimwa. Akasema hospitali haipimi mazindiko. Nikamwambia ndiyo maana, ikikosa kitu utakuwa umeshinda, na unavyopenda kushinda utafurahi. Akakubali. Shemeji yangu namjua.

Wakati ule walikuja pale hospitalini madaktari bingwa wa kutembelea wilaya, na miongoni mwao alikuwamo daktari wa mishipa ya fahamu, binti mdogo anaitwa Dokta Neema. Nilimwomba atuone. Tukaingia chumbani kwake kundi zima: Issa, mama yake, Zuhura, shemeji aliyekuja kushuhudia ushindi wake, na mimi.

Kabla hajaingia nilimwambia Issa akae sakafuni barazani, kisha ainuke. Sikumpa pipi, ni mtu mzima. Aliinuka kwa kukaza, lakini hakujipanda kwa mikono. Nikapumua.

Dokta Neema alianza kwa kumwuliza kazi yake.

"Machimboni napiga nyundo na moko," Issa akasema. Moko ni kile chuma cha kutobolea mwamba. "Asubuhi nyundo ikinikaa mkononi haitoki upesi. Nikishapiga piga inakuwa sawa. Wenzangu hudhani nina uchu wa kazi."

"Na mpira?"

"Nadaka. Nikiudaka mpira hauniponyoki hata siku moja."

"Ila?"

Issa akatazama chini. "Ila refa ananionya kila mechi kwamba nachelewesha kuuachia. Na mabao yote nafungwa mwanzoni mwa kipindi. Mpira unapita, naona kabisa unapita, mwili haujakubali. Kipindi kikichanganya hanifungi mtu."

Dokta akacheka, kicheko cha mtu aliyepata alichokitafuta. Akampa vidole viwili, akamwambia abane kwa nguvu kisha aachie ghafla. Ikawa kama ilivyokuwa jamvini: vidole vikafunguka polepole, shingo imemkaza kwa juhudi. Akamrudisha abane na kuachia, abane na kuachia, na kila mara mkono ukafunguka upesi zaidi, mpaka ukawa mkono wa kawaida. Kisha akachukua nyundo yake ya mpira, akagonga ule mnofu ulio chini ya kidole gumba. Gumba likajikunja lenyewe kuelekea kiganjani, likabaki hapo, kama limesahau njia ya kurudi. Tukalisubiri. Likarudi pole pole.

Shemeji akainuka kwenye kiti. "Mimi pia nigonge."

Akagongwa. Gumba halikufanya lolote. Akaomba agongwe tena, upande mwingine. Wallahi nakwambieni, alisikitika.

Dokta akaeleza kwa maneno mepesi. Msuli wa kila mtu unapewa amri ya kukaza, na kuna milango midogo sana inayosaidia kuizima amri ile. Kwa Issa milango hiyo ina kasoro tangu kuzaliwa, kwa hiyo msuli unakaza vizuri, kulegea ndiko kunachelewa. Ukikaa muda mrefu bila kusogea halafu ukurupuke, mwili unaganda. Ukishtuliwa, unaganda. Ukiuzoesha taratibu, unafunguka. Na kwa sababu misuli inafanya kazi bila kuzima, inanenepa kama ya mnyanyua vyuma. Siyo kifafa, siyo zindiko, na aina hii haili misuli wala haifupishi maisha. Alimpima moyo na macho pia, maana alisema kuna ndugu yake mwingine wa ugonjwa huu, mbaya zaidi, unaokondesha uso, kuleta mtoto wa jicho mapema na kuvuruga mapigo ya moyo. Issa hakuwa na hayo.

"Ni wa kurithi," akamalizia. "Kwenu nani mwingine anao?"

"Hakuna," Issa akasema.

Kisha Bi Somoe, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akavuta kanga yake nyuma, akaweka mkono mezani, kiganja juu.

"Nigonge na mimi," akasema.

Dokta akagonga. Gumba la mama likajikunja, likakaa. Issa alilitazama lile gumba kama mtu anayeoneshwa picha yake ya utotoni.

"Mama," akasema, "kumbe."

Bi Somoe alizungumza akiangalia meza. Utotoni aliwahi kuwa kisimani na wenzake, mmoja akapiga kelele ya nyoka. Wenzake walikimbia, yeye akaanguka na ndoo kichwani, amenyooka. Tangu siku hiyo wakamwita Gogo. Alipoolewa alihamia kijiji ambako hakuna aliyelijua jina hilo, akajiapiza lisimfuate. Akajifunza kutompa mtu mkono. Akajifunza kukaa wengine wanapoinuka. Watu wakasema ana maringo, akaona bora maringo kuliko Gogo.

"Na marehemu mumeo hakujua?" nikamwuliza.

"Alidhani nina ibada nzito," akasema. "Nikisujudu nilikuwa nachelewa kuinuka. Alikuwa akiwasifia wenzake msikitini, mke wangu anavyosujudu. Nikaacha asifie."

Dokta Neema aliinama kuandika, mabega yanamtikisika. Hata Bi Somoe mwenyewe alicheka kidogo, kisha akalia kidogo, kisha akamshika mwanawe mkono, na wote wawili wakachelewa kuachiana.

Shemeji ndiye aliyeturudisha duniani. "Na watoto wao?"

Dokta hakumficha. Alisema kwa aina hii, kila mtoto atakayezaliwa ni kama kurusha sarafu: anaweza kuupata ugonjwa, anaweza asiupate, na mimba inayofuata sarafu inarushwa upya.

"Mimi simpi binti yangu sarafu ya kurusha," shemeji akasema, kwa sauti ya chini, na safari hii haikuwa ubishi. Alikuwa amezika mke. Nilimwelewa.

Zuhura alikuwa amesimama karibu na mlango muda wote. "Baba," akasema, "wewe unakoroma mpaka mbuzi wanahamia kwa jirani, na mama alikaa. Una pumu, na mimi ninayo, na mama alijua. Hakuna aliyekuja kwetu kukugonga gumba."

"Pumu ni kitu kingine."

"Pumu inaua, baba. Hii daktari kasema inachelewesha tu." Akamtazama Issa, halafu akatazama pembeni kwa aibu. "Na mimi wanaume wa kuniachia upesi nimeshawaona. Huyu ananifaa."

Shemeji akamwuliza dokta kama kweli gunia la korosho kijana ataweza kulibeba. Dokta akasema ataweza, ila asikurupushwe. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya shemeji, wengine hawana njia nyingine ya kutoa.

Tulipokuwa tunatoka, Dokta Neema aliniita mimi na Issa, akawa mkali. Akasema siku yoyote utakayopelekwa upasuaji, kabla hujaguswa, mwambie mtu wa usingizi kwamba una ugonjwa huu. Kuna dawa ya kulegeza misuli inayotumika kabla ya kupitisha mpira wa hewa kooni. Kwa watu wote inalegeza. Kwako taya litafunga na kifua kitakaza, hewa isipite. Issa akaitikia, ndiyo dokta. Vijana wenye mabega huitikia hivyo.

Akdi ya pili niliisimamia kama kocha. Kabla ya kukaa jamvini nilimzungusha bwana harusi nyuma ya nyumba, akunje na kufungua ngumi, aruke ruke, ageuze shingo. Sheikh nilimwomba hotuba aiweke mwishoni, akaninunia lakini akakubali. Shemeji alipotoa mkono alitoa kwa uangalifu, kama anayempa mbwa mfupa. Maneno yakasemwa, Issa akajibu, mikono ikaachiana bila kelele. Wageni waliokuja kutazama zindiko wakaondoka wamekasirika.

Mwaka haujaisha, nikapigiwa simu na Zuhura. Issa alikuwa na ngiri, ile nyama ya utumbo inayotokeza kwenye kinena, ya muda mrefu, na sasa ilikuwa imejinyonga. Yuko hospitalini Ruangwa, anatakiwa kupasuliwa mchana huohuo. Nilipanda bodaboda kutoka Nachingwea, nikala vumbi la kunitosha hadi mwakani. Nilipofika, walikuwa wameshamweka kwenye machela.

Zuhura aliniambia kwa kunong'ona kwamba Issa hajasema. Alikuwa ameulizwa kama ana ugonjwa wowote, akasema hana. Wodi ilikuwa imejaa wachimbaji wenzake waliokuja kumwona, na habari ya zindiko ilikuwa bado inatembea machimboni. Zuhura alimkumbusha, Issa akamkazia macho anyamaze. Alikuwa na maumivu makali na aibu juu yake, na vitu hivyo viwili vikikutana mtu hupumbaa.

Nilianza kusogea nikamtafute mtaalamu wa usingizi. Bi Somoe akanitangulia. Alikuwa ameketi kwenye benchi la koridoni. Aliposikia machela inaanza kusukumwa alikurupuka, na mwili wake ukafanya kile unachofanya. Aliganda wima katikati ya koridoni, mkono mmoja mbele, machela ikasimama mbele yake. Watu wote wakamtazama. Mwanamke ambaye maisha yake yote alikaa ili asionekane hivyo.

"Mama, tupishe," muuguzi akasema.

"Siwezi kupisha," Bi Somoe akajibu. "Naumwa ugonjwa wa misuli kuganda. Nilizaliwa nao. Na huyu mwanangu anao, nimemzaa nao. Mwambieni mtu wa usingizi. Msimpe dawa ya kulegeza, itamkaza."

Alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wachimbaji. Issa alifumba macho. Mtaalamu wa usingizi akatoka, kijana mtulivu, akamsikiliza, akaniuliza mimi, akampigia Dokta Neema kwa namba niliyompa. Akamshukuru mama, akasema atamchoma ganzi ya mgongo, hahitaji kumlaza usingizi kamili, na atamfunika blanketi asitetemeke kwa baridi. Muda wote huo Bi Somoe bado amesimama palepale. Machela ikambidi impitie pembeni.

Mmoja wa wachimbaji, jitu refu lenye vumbi kwenye nyusi, alikuja akamletea kiti. "Bibi," akamwuliza, "kwa hiyo zile mechi zote, Issa hakuwa anachelewesha muda makusudi?"

"Hakuwa," Bi Somoe akasema.

"Basi refa alituonea."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya machimboni kwa wiki nzima: refa. Zindiko lilikufa hapo. Issa alitoka salama, miguu imekufa ganzi akiamini imeibiwa, akaonywa asinyanyue kitu kizito mpaka aruhusiwe. Mama yake alikaa kando ya kitanda akimwambia akunje vidole, afungue, akunje, afungue, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, ila yeye alikuwa akifanya pamoja naye.

Mimi nilistaafu muda mfupi baadaye. Sikuagwa kwa kuku.

Zuhura alijifungua msichana. Nilikwenda Ruangwa kumwona mtoto, nikawakuta wote chumbani: shemeji amekuja na mfuko wa ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, Bi Somoe amempakata mjukuu, Issa amekaa mkekani. Mtoto alilia, kilio cha njaa, uso umekunjamana wote. Zuhura akamchukua, akamnyonyesha, kilio kikakatika. Lakini macho hayakufunguka. Yalibaki yamefumbwa kwa nguvu, kope zimebana, wakati mdomo umeshatulia na unanyonya.

Issa aliniangalia mimi, nami nikamwangalia Bi Somoe. Shemeji aliweka ming'oko chini. Nilitegemea aseme neno, ana neno kwa kila jambo.

Alisogea kwenye mkeka mpaka goti lake likagusana na la Issa, akainama juu ya mjukuu wake.

"Asimharakishe mtu," akasema. "Atafungua."

Tukakaa wote, tukitazama kope mbili ndogo zikiachia pole pole.